Kuyafuata Maharage Hadi Mwisho wa Reli

Maharage sili. Msibani nikipokea sahani huwa nayasogeza ukingoni na kumaliza wali mkavu, na wakwe zangu walichukua muda kukubali kwamba si dharau. Dagaa nao sili. Uji mweupe siugusi hata nikiwa na homa. Lakini nikikaribishwa pilau nitauliza kwanza kama ukoko umebaki, na nyama nikipewa ya mifupa nafurahi kuliko ya steki. Mke wangu husema ninakula kama mtu aliyetoka jela. Hajakosea sana, nimetoka bweni.

Sekondari niliisoma mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka ya foleni ya sukari, foleni ya sabuni na foleni ya kanga. Shule siitaji jina. Waliotupikia wana wajukuu mjini pale na mimi bado nina watu huko. Majuzi nilipata likizo ndefu nikaamua kuisafiri reli ya kati yote, Dar es Salaam mpaka Kigoma, kilomita zipatazo 1,250, na nikajipa kazi moja: nikifika kinakotoka chakula nilichokikataa shuleni, nikile pale pale, kikiwa kimepikwa na mtu anayekipenda. Walimu walizoea kutuambia kwamba tumedekezwa na mama zetu. Shtaka hilo halijawahi kusikilizwa upande wa pili.

Kwa wasiolala bweni, nieleze kidogo. Bwalo letu lilikuwa ukumbi wa bati wenye meza ndefu za mbao, na kila meza ilikuwa na kiranja wake. Wapishi walipikia nyuma, kwenye mapipa yaliyokatwa katikati, kwa kuni tulizozibeba wenyewe kutoka porini kila Jumamosi. Ugali ulisongwa na watu wawili waliosimama juu ya matofali, kila mmoja ameshika mwiko unaomfika kifuani. Ulipofika mezani ndani ya karai, kiranja aliukata kwa ukingo wa sahani ya bati, na mkono wake ulisimamiwa na macho ya meza nzima. Kipande cha mwisho kilikuwa chake yeye mwenyewe. Sheria hiyo ilimfanya akate sawasawa, na sijaona tume ya uchaguzi iliyobuni jambo la haki kuliko hilo.

Ratiba haikuhitaji kubandikwa ukutani. Asubuhi uji usio na sukari. Mchana ugali na maharage, usiku ugali na maharage. Jumatano dagaa. Jumapili mchana wali na nyama, vipande viwili kwa kila mtu, kimoja kikiwa mfupa. Siku hiyo zamu ya kuosha masufuria iligombewa, maana mwenye zamu ndiye mwenye ukoko, na ukoko uliweza kubadilishwa na kitu chochote: daftari, kalamu, hata kufuliwa shati. Kabla hatujala, mwalimu wa zamu alipita jikoni, akachovya kijiko, akasema "Kizuri," akasaini kitabu na kwenda kula kwake.

Unga mara nyingi ulikuwa wa yanga, mahindi ya njano ya Marekani, ambako mahindi ya rangi hiyo wakati ule kwa sehemu kubwa yalilishwa mifugo. Ugali wake ulinuka gunia na haukukubali kubonyezwa tonge, ulivunjika mkononi. Yanga ikiisha iliingia bulga, ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupasuliwa, nayo ilipikwa mfano wa wali na kuliwa na yale yale maharage, na usiku wake bweni zima lilinguruma. Magunia yalikuwa na picha ya mikono miwili inayosalimiana, alama ya msaada wa Wamarekani. Yalipobaki matupu fundi mmoja wa mjini aliyashona kaptula. Kuna wenzangu ambao leo ni watu wazito serikalini na niliwahi kuiona mikono ile miwili kwenye makalio yao.

Niliyoyachukia kwa dhati ni maharage. Yalikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na mwenyewe ndani. Wapole walifumba macho wakala. Sisi wengine tuliwatoa wadudu mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni mwa sahani, na aliyepata wengi alitangazwa. Yakiwa hayakuiva, yaligonga meno. Yakiwa yameiva, yalikuwa na ladha ya sabuni ya mche. Juu ya hayo kulikuwa na imani, ambayo nimeikuta kwa watu waliosoma Songea, Musoma na Tanga vilevile, kwamba jikoni hutia mafuta ya taa ili wavulana wasiwaze wasichana. Mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya foleni. Hata hivyo kila mmoja wetu aliapa kwamba anayasikia mdomoni.

Na dagaa walikuja na mchanga. Sisemi chembe mbili tatu. Mchanga wa dagaa wa Jumatano ulisikika ndani ya fuvu, ukamfanya mtu asimame kutafuna na kutazama mbele bila kuona kitu. Tulijifunza kula bila kukutanisha meno: unaufinyanga ugali ukiwa laini, unamfunika dagaa ndani, unameza. Waliobobea waliweza kumaliza sahani nzima pasipo kugusisha jino la juu na la chini. Mimi sikuweza, na Jumatano nilikula ugali kwa chumvi.

Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme. Tangu huduma ya mpaka Dodoma izinduliwe rasmi Agosti 2024, safari ile iliyokuwa ikila usiku mzima ni ya chini ya saa 4, na mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Viti ni safi, kuna kiyoyozi, na madirisha hayafunguki. Hakuna wa kukuuzia kitu kutoka nje. Ukitaka kula unanunua soda na sambusa humo humo ndani, kwa bei ya humo humo ndani. Kwa mtu anayewahi mkutano, hakuna usafiri unaoifikia. Kwa aliyesafiri kwa ajili ya tumbo, ni mikonge ya Morogoro na mahandaki ya Kilosa yanayopita nyuma ya kioo, na njaa.

Dodoma nilishuka kwa sababu ya mlenda. Shuleni haukuwahi kupikwa, ila jirani yangu wa kitanda cha juu alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, na kila baada ya likizo alirudi na kifuko cha mlenda mkavu uliosagwa. Aliukoroga kwenye kikombe kwa maji ya moto na chumvi, akachovya humo ugali wa yanga na kunionyesha jinsi unavyopita. Kupita ulipita. Ndicho kilichonitisha.

Karibu na soko la Majengo nilikaa kwa mama ntilie mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alinipa ugali wa uwele, wa kijivu, wenye harufu nzuri ya nafaka iliyotoka kutwangwa, na bakuli la mlenda uliotiwa karanga. Nilichovya, nikainua mkono, na uzi ukafuata: kutoka bakulini mpaka kidoleni, kutoka kidoleni mpaka kidevuni.

"Usiuvute, baba," alisema. "Uzungushe. Mkono uzunguke, halafu ukate."

Nilizungusha. Ulikatika. Ladha ilikuwa njema kabisa, chumvi yake sawa, karanga zake zinajulikana ni karanga. Nikameza, na koo likafanya kile lilichofanya nikiwa na miaka 15.

"Hupendi," alisema, naye hakuonekana kuumia.

"Siupendi, mama. Umepikwa vizuri."

"Najua umepikwa vizuri. Nikuletee kuku?"

Kwa hiyo mlenda nimeuweka mahali pake peke yake. Hakuna wa kulaumiwa hapo, si mpishi, si ghala, si serikali. Utelezi siupendi, na mtu ana haki ya kuwa na koo lake. Zabibu za Dodoma, kwa upande wao, nilizila mfuko mzima nikitembea kwenda stesheni, na sina la kuongeza.

Kuanzia hapo nilipanda treni ya zamani, kwenye reli nyembamba ambayo Wajerumani waliianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Inakwenda polepole na dirisha linashuka. Hapo tumbo linapata haki yake. Bahi, penye madimbwi na mashamba ya mpunga, waliinua samaki wa kukaanga kwenye beseni mpaka usawa wa madirisha. Saranda ni kuku. Treni haijasimama sawasawa utaona wanawake na vijana wanakimbia sambamba nayo, beseni kichwani, kila mmoja ameshamchagua mteja wake kwa macho.

Abiria wa kiti cha mbele yangu, mzee wa Kaliua anayejua njia, alinipa masharti. Usitoe noti kubwa. Usitoe hela kabla kuku hajaingia ndani. Na mguu uushike mwenyewe, uubonyeze, ukiona unalegea mwachie. Nilibonyeza mguu. Ulikuwa mgumu, wa kuku aliyekimbia maisha yake yote, umechemshwa na chumvi na ndimu halafu ukapitishwa kwenye mafuta. Dada aliyeniuzia alitafuta chenji kwenye fundo la kanga huku treni imeanza kuondoka. Akaanza kutembea, kisha kukimbia. "Shika baba, shika! Mia tano bado!" Akairusha mia tano, ikagonga ukingo wa dirisha na kuangukia mapajani mwa mzee wa Kaliua, ambaye hakushangaa hata kidogo.

Kuku yule alitaka meno ya kweli. Nilimla mpaka Manyoni, na mifupa nikaifyonza mpaka Itigi.

Tabora tuliingia alfajiri. Kwenye stesheni waliuza asali ndani ya chupa za maji, nyeusi na ya dhahabu, na mzee wa Kaliua aliniambia nisinunue ya chupani bila kuonja maana nyingine ni sukari guru iliyochemshwa. Waliuza pia michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, michembe vikikatwa vibichi na matobolwa vikichemshwa kwanza. Matobolwa ni kitafunwa nilichokipenda nikiwa shuleni na bado nakipenda. Kinang'ang'ania jinoni, kina utamu unaochelewa, na mfuko mmoja uliweza kutunza siri ya wanafunzi watatu chini ya godoro kwa mwezi mzima.

Shuleni sikuingia. Nilikwenda kumtafuta mmoja wa wapishi wa zamani, ambaye niliambiwa yuko hai na anakaa pembezoni mwa mji. Nilimkuta chini ya mwembe, na Tabora ukiambiwa mtu yuko chini ya mwembe bado hujaelekezwa. Ni mzee sana sasa, mwembamba, mikono ina makovu ya mvuke mpaka kwenye viwiko. Tulikuwa tunamwogopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulikuwa bweni gani?"

Nilimtajia. Akatikisa kichwa, bweni letu, alisema, ndilo lililokuwa likiiba vitunguu. Nilimpa sukari na majani ya chai niliyomletea, tukakaa, na baada ya habari za walioko na waliotangulia nikamuuliza nililolifuata.

"Yale maharage, mzee. Mbona yalikuwa hayaivi?"

"Yangeiva vipi? Yalikaa ghala la bati misimu miwili. Haragwe likikaa kwenye joto na unyevu ngozi inakuwa jiwe. Unawasha moto saa mbili usiku, mpaka alfajiri linakutazama. Na kuni zenyewe mnaniletea mbichi." Aliniangalia kana kwamba nilizileta jana. "Basi natia magadi. Nikitia kidogo, halilainiki. Nikitia ya kutosha, mnasema mzee katupa sabuni."

"Na mafuta ya taa?"

Hapo alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akatoka ndani kuja kuona. "Mafuta ya taa niwape nyinyi? Mimi kwangu nilikuwa nalala gizani!"

Aliniambia pia habari za unga. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi, kama shule nyingi baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na mahindi yale meupe tuliyoyalima kwa mikono yetu ndiyo tuliyotarajia yatuokoe na yanga. Yaliingizwa ghalani mwezi wa sita. Mwezi wa kumi alipokwenda kufungua magunia, alisema, yalikuwa yamesimama wima vizuri lakini ukiyapiga kofi yanalala. Ndani ni vumbi. Alikuwa ni dumuzi. Mdudu huyo mdogo, mweusi, mwenye umbo la kipande cha kiberiti, asili yake ni Amerika ya Kati, na ilikuwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ile ya 1980, ndipo wataalamu walipomtambua kwa mara ya kwanza barani Afrika. Anakula mahindi, anakula muhogo mkavu, anatoboa hata mbao za ghala. Inadhaniwa kwamba aliletwa na nafaka iliyotoka ng'ambo. Yaani mgeni alikuja na chakula cha msaada, akala cha nyumbani, ikabidi tuletewe cha msaada kingine.

"Tulichekecha," mzee alisema. "Vumbi likitoka na unga unatoka. Mkuu akasema pika hivyo hivyo, watoto hawatajua."

Tulijua. Tulikuwa tunasema kabisa, ugali una uchungu na unakwaruza, tukaambiwa tumedekezwa. Miaka 40 na ushee baadaye, chini ya mwembe, nimesikia kwamba kila tulichokisema kuhusu chakula kile kilikuwa hivyo: sabuni ni magadi, jiwe ni ghala, uchungu ni dumuzi. Midomo ile ilikuwa ya watoto wenye njaa, ambao wangekula chochote kilicholika. Mtoto mwenye njaa akikataa sahani ningependa mtu mzima aionje kwanza, na asionje kwa ncha ya kijiko.

Mkewe alituletea nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Nilikula nikaomba tena.

Baada ya Tabora nchi ni miombo tupu, saa nenda saa rudi. Urambo nilinunua karanga za kukaanga kwenye kipande cha gazeti, na haiwezekani kula karanga Urambo bila kukumbuka kwamba hapa, Kongwa na Nachingwea, Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta kulima karanga ili wapate mafuta ya kula, kwao yakiwa bado ya mgao baada ya vita. Udongo wa Kongwa uligeuka zege wakati wa kiangazi, mvua haikufuata kalenda ya London, mitambo ikavunjikavunjika. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Karanga zangu zililimwa kwa jembe la mkono na mama aliyezikaanga, naye aliniongezea kijiko cha bure.

Uvinza ina nafasi kubwa zaidi kwenye historia kuliko kwenye ratiba ya treni. Hapo kuna chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu waliyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilisafiri kwa miguu mbali kabla ya reli kufikiriwa. Treni ilisimama muda wa kutosha kununua mahindi ya kuchoma.

Kigoma ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo, kwa sababu makosa mawili ya sahani yangu yanatoka huko. Dagaa wa Kigoma kila mtu anawajua. Lakini na maharage, yale ya njano na yale ya madoa yanayojaa masoko ya Dar es Salaam, mengi hushuka kutoka milima ya Kasulu na Kibondo.

Nilianza na maharage. Mgahawa ulikuwa wa meza nne, juu kidogo ya stesheni, na aliyehudumia alikuwa binti asiye na haraka. Aliniuliza nataka ya nazi au ya mawese. Nilisema ya mawese, kwa kuwa ndiyo ya kwao. Yalikuja mekundu, rojo zito, mafuta yakielea kwa rangi ya machungwa, na pembeni ugali wa lowa, muhogo uliolowekwa mpaka ukachacha, ukakaushwa na kusagwa.

Haragwe la kwanza nilipolibana kwa ulimi na kaakaa lilipasuka bila jino. Ngozi yake haikubaki mdomoni. Halikuwa na tundu. Nilichunguza, tabia haiishi. Rojo lilikuwa lake lenyewe, limetokana na maharage yaliyojivunja kwa hiari, wala hapakuwa na magadi, nilimuuliza binti akanitazama kwa mshangao. "Magadi ya nini? Ya mwaka huu hayo." Nilimaliza bakuli. Mawese yana harufu inayokaa kwenye masharubu mpaka jioni, na kwa hilo nahitaji muda zaidi. Ugali wa lowa ulinishinda. Ni mchachu, unavutika, na harufu yake ilinikumbusha soksi, nikaona niuache kwa wanaoujua. Niliomba wali. Binti akasema wali huwa Jumapili.

Kesho yake niliamkia mwaloni Kibirizi. Wavuvi wa Tanganyika hutoka usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukijaa taa za mitumbwi hazina kazi. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi ni balbu na betri. Samaki wenyewe wanatamanika kiasi kwamba miaka ya 1960 walichukuliwa kutoka ziwa hili wakapandikizwa Ziwa Kariba, ambako Wazambia na Wazimbabwe huwaita kapenta. Nao huku kwao wamepungua, hata mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, ziwa lipumzike.

Asubuhi ile mitumbwi ilikuwa imekwisha kuteremsha. Dagaa wabichi wana rangi ya fedha, na kwa nusu saa ya kwanza ya jua wanang'aa mpaka macho yanauma. Wanawake waliwamwaga, wakawatandaza kwa mikono, wakawageuza kwa mafagio. Upande mmoja walikuwa juu ya vichanja, wavu umewambwa kwenye miti usawa wa kiuno, upepo unapita chini. Upande wa pili walikuwa chini, juu ya mchanga wa ufukwe, na mama aliyewageuza kwa fagio aliufagia na mchanga wenyewe. Nilisimama hapo muda mrefu nikitazama fagio linavyokwenda.

Mfanyabiashara mmoja, mwanamke mwenye kofia ya pama na daftari kwapani, alidhani ninataka kununua.

"Baba karibu. Hawa wa kichanja, hawana mchanga hata punje. Ukitaka kula, chukua hawa." Alichota kiganja, akanipa. Nilitia mmoja mdomoni, mkavu hivyo hivyo, nikakutanisha meno. Alivunjika, akatoa mafuta kidogo na chumvi ya kwake mwenyewe. Nikachukua mwingine.

"Na wale wa chini?"

"Wale bei yake ndogo. Hutawapenda."

"Nani anawanunua?"

"Wale? Wa kuku wanachukua, mvua ikiwanyeshea. Wakikauka vizuri wanachukua wazabuni." Alifungua daftari kuangalia kitu kingine. "Shule. Magereza. Wanataka gunia nyingi, bei ya chini."

Nilimuuliza kama mzabuni huwa anaonja kabla ya kupakia.

"Aonje nini, baba? Anapima kilo." Alikuwa ameshaanza kuninyooshea mfuko. "Na mchanga unaongeza kilo, ujue."

Nilinunua wa kichanja kilo mbili. Nilijaribu kupatana naye, nikamtajia kwamba nimetoka mbali, nikamwita dada, nikamwita mama. Hakushusha hata shilingi mia.